Kufunga umeme wa sola katika nyumba ya kando ya ziwa: mwongozo kamili, kuanzia hesabu hadi matunzo

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Magu na Ilemela hadi Sengerema, Buchosa na visiwa vya Ukerewe, mtu anayetaka umeme wa sola huanza kwa kuuliza bei ya paneli, na kwa maoni yangu hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Paneli ndiyo inayoonekana juu ya bati na ndiyo inayosifiwa na majirani, lakini ndicho kifaa kinachosumbua kidogo kuliko vyote, kwa kuwa iliyo nzuri hufanya kazi zaidi ya miaka 20. Kinachomrudisha mtu kwenye kibatari ni betri iliyokufa mapema na waya mwembamba uliosambazwa nyumba nzima, na yote mawili hutokana na kutoa fedha kabla ya kufanya hesabu. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, nao unachukua nyumba ya kawaida yenye vyumba vitatu na sebule, isiyotarajia nguzo za TANESCO hivi karibuni. Iwapo nguzo zimeshafika kijiji cha jirani, ni busara kusubiri kidogo, au kumwita mapema fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, afanye wayaringi ya kawaida ya volti 230 itakayofaa sasa na baadaye.

Hesabu ya usiku mmoja

Chukua daftari, uandike kila kifaa kitakachotumika, wati zake na saa kitakazowashwa kwa siku. Wati ukizizidisha kwa saa unapata wati-saa, na hicho ndicho kipimo cha umeme utakaohitaji kuuhifadhi.

Tuchukue familia ya mvuvi wa dagaa. Taa 5 za ndani za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 5, zinatumia wati-saa 125. Taa moja ya nje ya wati 5 inayokesha kwa saa 11 inatumia 55. Runinga ya inchi 24 ya volti 12, yenye wati 20, ikiwashwa saa 4 inatumia 80, na king'amuzi chake cha wati 12 kwa muda huohuo kinatumia 48. Redio ya wati 10 kwa saa 5 inatumia 50. Simujanja 2 huhesabiwa wati-saa 15 kila moja na simu 2 za kitochi wati-saa 5 kila moja, yaani 40 kwa jumla. Ukijumlisha vyote unapata wati-saa 398, nasi tuziite 400.

Hesabu hiyo lazima iwe ya siku za mbalamwezi na si za giza. Wakati wa giza wanaume wako ziwani usiku kucha na nyumba hulala mapema. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika, watu wote wako nyumbani, na runinga hukesha. Mfumo uliopimwa kwa matumizi ya giza utazidiwa wiki hiyo ya mbalamwezi, na lawama zitaiangukia betri isiyo na kosa.

Usiandike katika daftari hilo pasi, jiko la umeme wala hita ya maji. Pasi moja ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula wati-saa 500, nyingi kuliko nyumba nzima tuliyoihesabu. Sabufa nayo isomwe vizuri lebo yake ya nyuma kabla ya kuahidiwa vijana.

Kutoka hesabu hadi vifaa

Si umeme wote unaozalishwa na paneli unaofika kwenye taa, kwa sababu joto, nyaya, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri) na betri yenyewe vyote hula sehemu yake. Chukulia kwamba asilimia 70 tu ndiyo inayofika, hivyo gawanya 400 kwa 0.7 upate takriban wati-saa 570. Jua la siku nzima la mwambao wetu, likihesabiwa kana kwamba lote ni jua kali la adhuhuri, linakaribia saa 5, lakini kwa sababu ya mawingu ya vuli na masika ni salama zaidi kutumia saa 4.5. Gawanya 570 kwa 4.5 upate wati 127, kisha ununue paneli ya wati 150.

Betri huhesabiwa kwa siku mbili, ili siku moja ya mvua isiwaache gizani. Wati-saa 800 ukizigawanya kwa volti 12 unapata ampea-saa 67, na ampea-saa ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye betri. Betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hizo 67 zinakuwa 133, na utanunua ya ampea-saa 150. Betri ya lithiamu inavumilia kutumiwa asilimia 80 ya umeme wake, hivyo ya ampea-saa 100 inatosha kabisa. Lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini hudumu miaka mingi zaidi na haidai maji. Mwenye uwezo wa kuichagua aichague, mradi ahakikishe kwamba chaji kontrola yake ina mpangilio wa lithiamu. Ama betri ya gari, hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ikitumiwa kukesha na taa hufa ndani ya miezi. Vilevile, betri ya nyumbani isiazimwe kwenda kuwasha taa za kuvutia dagaa, maana hurudi asubuhi ikiwa tupu na nyumba nayo inaidai.

Chaji kontrola zipo za aina mbili, na herufi zake huandikwa juu ya kasha: PWM na MPPT. Ya kwanza ni ya bei nafuu na inafaa tu kwa paneli ndogo zinazofanya kazi kwenye volti 18 hivi, ambazo ukizihesabu zina seli 36. Paneli kubwa za volti 30 au 40, ambazo muuzaji atakueleza kwamba kila wati yake ni nafuu, zikiunganishwa kwa PWM na betri ya volti 12 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, kwa kuwa kontrola hiyo huivuta paneli ishuke hadi volti za betri. Paneli kubwa inahitaji MPPT. Kwa paneli yetu ya wati 150, kontrola ya ampea 20 inatosha; ukiwa na nia ya kuongeza paneli ya pili, chukua ya ampea 30 tangu mwanzo.

Kuhusu inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, jiulize kwanza kama unaihitaji. Taa, runinga na redio za volti 12 zinapatikana, nazo hutumia umeme moja kwa moja kutoka kwenye mfumo. Inveta inayoachwa imewashwa bila kazi inaweza kula wati 10, na wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240, zaidi ya nusu ya matumizi yote tuliyoyaorodhesha. Ukiinunua kwa ajili ya kifaa kimoja, izime mara kifaa hicho kinapozimwa, na ukumbuke kwamba upande wake wa pili unatoa volti 230 zinazoua kama umeme mwingine wowote.

Dukani, ukiwa na tepu na mizani

Maduka ya vifaa vya sola yamejaa katikati ya jiji la Mwanza, mengine si mbali na Makoroboi, mtaa ambao jina lake lenyewe linawakumbusha watu taa walizotoka nazo. Uongo ulioenea madukani ni wa lebo, na vipimo viwili rahisi vinaufichua.

Cha kwanza ni tepu ya fundi. Mita moja ya mraba ya jua kali la adhuhuri ina takriban wati 1,000, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 ya hizo kuwa umeme, zilizo bora kabisa zikizidi kidogo. Kwa hiyo zidisha urefu kwa upana wa paneli kwa mita, kisha zidisha kwa 200. Paneli yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.54 itakupa takriban wati 130, hivyo lebo ya wati 150 ni ya juu lakini haijavuka mipaka ya akili, wakati lebo ya wati 300 juu ya paneli hiyohiyo ni uongo usiohitaji mjadala.

Cha pili ni mizani, ile inayopimia samaki mwaloni. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 30, kwa kuwa umeme wake umo ndani ya risasi yenyewe. Inayodai ampea-saa 100 ikiwa na kilo 15 ina nusu ya kilichoandikwa. Kipimo hiki hakifai kwa lithiamu, ambayo ni nyepesi kwa asili yake.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya kifaa, na uandikiwe muda wa waranti. Ukichagua seti za kulipia kidogo kidogo kwa simu, zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba kabla ya kukubali, na uulize kinachotokea ukichelewa, kwa sababu nyingi hujifunga zenyewe. Mvuvi apange marejesho yaangukie wakati wa giza, fedha inapoingia.

Usafiri nao una mambo yake. Wanaokwenda Sengerema na Buchosa wamepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lakini wa visiwani bado wanapanda kivuko au mtumbwi. Paneli isafirishwe ikiwa imesimama wima, kioo kimefunikwa godoro au blanketi, na kamwe isilazwe juu ya magunia. Betri yenye maji isimame wima safari nzima.

Mahali pa paneli

Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hupita kaskazini mwetu, na miezi inayobaki hupita kusini. Paneli hutazamishwa kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, ambao ni kuinua upande wa kusini sentimita 18 kwa kila mita moja ya urefu. Mwinamo huo hauhusu jua peke yake, kwa maana paneli iliyolala kabisa hutuamisha vumbi na mvua haiwezi kuiosha. Kama bati lako linaelekea mashariki au magharibi usijisumbue sana. Hasara yake hapa kwetu ni ndogo.

Hasara kubwa ni kivuli. Seli za paneli zimeungana kwa mfululizo, na kivuli cha tawi moja la mwembe, au cha jiwe kubwa lililosimama nyuma ya nyumba kama yalivyo mengi huku kwetu, kinaweza kudumaza sehemu kubwa ya paneli. Panda juu ya paa saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri, uone kivuli kinaangukia wapi. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili upepo wa ziwa upite, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 kwenye seli hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4, na paneli iliyobana juu ya bati hufika nyuzi 60 bila shida. Fremu ifungwe kwa bolti zinazoshika kwenye kenchi, kwani bati peke yake halihimili upepo wa dhoruba. Nyumba ya nyasi isibebeshwe paneli; simamisha nguzo pembeni.

Nyaya

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo nilipojifunza kwa gharama. Mama yangu mdogo, anayeishi Ukerewe, alifungiwa sola na fundi wa kupita, na miezi miwili baadaye akanipigia simu: "Mwanangu, runinga inazima kila taarifa ya habari ikianza." Fundi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba betri imekufa, anunue nyingine. Nilipofika nilisubiri saa 2 usiku, taa zikiwaka na runinga imewashwa, nikaweka multimeta kwenye vichwa vya betri: volti 12.4, betri nzima kabisa. Nikaihamishia kwenye soketi ya runinga sebuleni: volti 11.1. Volti 1.3 zilikuwa zimepotelea njiani, ndani ya mita 14 za waya wa milimita za mraba 1.5 uliobeba ampea 4. Nilifuata waya huo darini nikakuta kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuvishwa kipande cha mfuko wa nailoni, nacho kilikuwa cha moto. Tulibadilisha waya, tukaiacha betri ilivyokuwa.

Sababu yake ni kwamba mfumo wa volti 12 hubeba ampea nyingi kwa wati zilezile, na ampea zikiwa nyingi katika waya mwembamba umeme hugeuka joto. Kwa umbali wa mita 10, ampea 8 za paneli yetu zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza zaidi ya volti 1. Kwenye waya wa milimita za mraba 6 hupoteza chini ya nusu volti. Kwa hiyo tumia waya wa 6 kutoka kwenye paneli hadi kontrola na kutoka kontrola hadi betri, uweke kontrola karibu kabisa na betri, na utumie waya wa 2.5 au mnene zaidi kwenda kwenye vyumba. Kata ncha ya waya kabla ya kulipa, uikune kwa kisu, kwa maana kuna nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba.

Waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, bila kubadilishana hata pale mmoja unapokwisha. Viungo vyote viwe ndani ya kisanduku, vikazwe kwa skrubu. Pale waya unapoingia ndani kutoka kwenye paa, uache uning'inie kitanzi kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuufuata waya hadi kwenye kontrola. Fyuzi ya kwanza, ya ampea 30, ikae kwenye waya chanya si zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye betri. Nyingine ya ampea 10 ilinde nyaya za vyumbani. Betri ya volti 12 haimrushi mtu, lakini nyaya zake zikigusana bila fyuzi hushika moto kabla hujafika mlangoni.

Kuunganisha

Utaratibu ni mmoja: betri iunganishwe kwanza kwenye kontrola, ili kontrola itambue volti za mfumo, kisha paneli, na mwisho taa na vifaa. Wakati wa kufungua, nenda kinyume chake. Paneli ifunikwe kwa kanga nzito au turubai unapofanya kazi mchana. Vua pete na saa ya chuma, na spana uifunge tepu ya umeme kwenye mpini, kwa sababu spana ikigusa vichwa vyote viwili vya betri kwa pamoja huruka cheche zinazoweza kuyeyusha chuma.

Betri ya risasi hutoa gesi inayowaka inapochajiwa. Ikae juu ya ubao, mahali penye hewa, watoto wasipofikia, na kamwe isiwekwe chini ya kitanda wala karibu na jiko.

Radi ya ukanda wa ziwa haihitaji maelezo kwa wenyeji. Fremu ya paneli iunganishwe kwa waya mnene na fito ya shaba iliyopigwa ardhini zaidi ya mita 1. Kwenye miamba, ambako fito haiingii, tafuta udongo mwepesi ulio karibu, hata kama ni pale maji ya bafu yanapomwagika, uizike hapo. Hata hivyo hakuna fito inayozuia radi iliyopiga nyumba yenyewe, hivyo weka swichi ya kutenga paneli na uizime ngurumo zinaposogea.

Kupima, na kutunza

Siku ya kwanza acha betri ijae kabla ya kutumia chochote. Jioni pima volti kwenye betri na kwenye soketi ya mbali kabisa vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Tofauti ikizidi nusu volti, mwite fundi kabla hajalipwa fedha iliyobaki. Betri ya risasi iliyopumzika bila kuchaji wala kutumika husoma takriban volti 12.7 ikiwa imejaa na karibu 12.2 ikiwa nusu. Andika namba hizo kwa chokaa ukutani kando ya kontrola, ili yeyote aliyebaki nyumbani ajue wakati wa kuzima runinga.

Taa ya nje isiwekwe juu ya mlango. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata mwanga, na asubuhi utawafagia sebuleni. Iweke kwenye kona ya nyumba iliyo mbali na madirisha. Paneli ioshwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi kioo kikiwa bado cha baridi, kila mwezi wakati wa kiangazi, na mapema zaidi kama ndege wa ziwani wameizoea, kwa kuwa kinyesi chao hakitoki kwa mvua nyepesi na kinafanya kazi ileile ya kivuli. Betri ya maji ikaguliwe kila mwezi na kuongezwa maji maalumu ya betri tu, si ya ziwa, ya mvua wala ya kisima, hadi yafunike vizuri bamba za ndani.

Betri ya risasi iliyofika mwisho wake bado ina thamani kwa wanunuzi wa chakavu, nao huipima kwa kilo. Ipeleke ikiwa nzima na asidi yake ndani. Usikubali wakwambie uimwage kwanza, maana njia ya maji kutoka uani kwenda ziwani ni fupi, na risasi iliyofika huko itarudi mezani.